Mtu wa Pangoni

Tangu mkewe afariki, Shekue alikuwa hazungumzi na mtu ila muuza mkate. Jioni hiyo alijikaza, akaingia chumba cha nyuma cha duka la vitabu, ambako watu wanne hukutana kucheza mchezo wa hadithi kwa kurusha dadu.

Mwanaidi, msimulizi wao, alimpangia sanamu ndogo za udongo mezani.

"Karibu, kaka. Kwenye hadithi yetu utakuwa nani? Jitu, jini, mtu mwenye mabawa, au mtu wa pangoni?"

"Chukua jitu," mchezaji aliyeketi kando yake alimshauri. "Halishindwi."

"Majitu yanaishi vipi?" Shekue aliuliza.

"Kila moja kivyake, juu ya mlima wake."

"Na hawa wa pangoni?"

"Hao wafupi, nguvu hawana. Lakini ukoo mzima hulala chumba kimoja, na hakuna anayegusa chakula kabla wote hawajarudi."

Shekue alikichukua kile kisanamu cha mtu wa pangoni, akakifumbata.

"Haya, tutajie nduguze huyo mtu wako," alisema Mwanaidi.

Shekue alikisimamisha kisanamu mezani, akawatazama mmoja mmoja. Wote wanne wakaweka chini vikombe vyao vya chai, wakamgeukia, wakangoja.