Habari za Uzazi

Sauda, mtafiti wa nyota, alikuwa nyumbani akiutazama mwanga wa galaksi ya mbali uliotandazwa kwenye kompyuta kama utepe wa rangi. Mstari mwekundu uling'aa: huko nyota zilikuwa zikizaliwa. Lakini mwanga huo ulisafiri muda mrefu mno. Huenda nyota zenyewe zilikwisha kuzimika.

Vigelegele vikalia mlangoni. Shangazi yake alikuwa amefika kutoka mbali, kashika kikofia cha sufu. Habari za uzazi zilikuwa zimemfikia. Za msiba uliofuata zilikuwa bado njiani.

“Hongera, mwanangu! Yuko wapi mume wangu mchanga nimvishe?”

Sauda alikipokea kikofia, akaingiza ngumi ndani. Kikajaa.

“Piga tena kigelegele, shangazi. Kimoja tu, halafu nitakwambia.”

Shangazi akacheka, akapeleka kiganja mdomoni.