Dimbwi Lililoachwa na Matete Yake

Enzi za Chifu Kiboko, kila kiangazi aliamuru matete yang'olewe kwa kuwa eti yanakunywa maji. Na kila kiangazi maji yalikauka, naye msemaji wake Hondohondo akatangaza, “Bila amri hii yangekauka mapema zaidi!”

Mhanga, fundi wa kuchimba, alichoka kusikia hayo.

“Chifu, dawa ni kuchimba. Tuna madimbwi matatu. Moja ling'olewe matete, moja nilichimbe, la tatu tuliache lilivyo. Kisha tutazame.”

“Na ukishindwa?”

“Nitasema mwenyewe.”

Dimbwi la Mhanga lilikauka kwanza, la Chifu likafuata. Lililoachwa na matete yake likabaki na maji.

Mhanga alikwenda barazani, masikio yamemlegea. “Chifu, langu limeshindwa kuliko lako.”

Hondohondo akaangua kicheko. Kiboko hakucheka.

“Tangu nitawale, hakuna aliyewahi kuniletea habari mbaya za kazi yake mwenyewe,” alisema. “Kuanzia leo, amri zangu zipite kwako uzipime, kabla Hondohondo hajazisifu.”

Kisha wakaenda wote kunywa maji, kule kwenye matete.