Njia Panda

Desturi ya mji ilitaka mtumwa aachwe huru kwenye njia panda, mbele ya majirani, ili wote washuhudie kwamba kila njia sasa ni yake. Wulfrun alifika akimwongoza Eadgyth, bibi kipofu aliyemmiliki, kama siku zote.

"Mama yako walimuuza kaskazini," Eadgyth alisema. "Nenda ukamtafute, mwanangu."

"Na wewe bibi, nani atakurudisha nyumbani?"

"Si hawa majirani! Au wamefuata mkate wangu tu?"

Watu wakacheka. Eadgyth akalegeza vidole, akauachia mkono aliozoea kuushika.

Wulfrun alishika njia ya kaskazini. Alikwenda polepole, kwa mwendo wa kikongwe, mkono wake mmoja ukiwa umebaki nyuma kidogo.