Sifa Kwanza

Siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kucheza gemu kabla hajalisifu kwa maandishi. Ridhiwani alikuwa amechoka kusifu. Katika gemu lake la soka alikuwa amepachika mwenyewe sauti ya marehemu kaka yake, Mshamu, ikitangaza mechi, na toleo jipya lilikuwa limeichakachua. Asubuhi hiyo akaandika ukweli: "Mmeiharibu." Gemu likagoma kufunguka.

"Baba Tatu, andika tu ni zuri," alisema mkewe, Saumu, akimenya viazi. "Utashindana na mtambo?"

Akafuta, akasifu. Mechi ikaanza.

"Ahsante kwa maoni yako mazuri, mdogo wangu," ilisema sauti ya Mshamu, mtu ambaye maishani hakuwahi kumshukuru yeyote.

Saumu akatabasamu. "Unaona? Hata shemeji amefurahi."

Ridhiwani akapunguza sauti, akaendelea kucheza.