Nungunungu na Harufu ya Kitunguu

Nungunungu alikipenda sana kitunguu, lakini kitunguu hakikumpenda. Akila kipande tu, tumbo lilijaa gesi likavimba kama ngoma, miba ikamsimama. Ndiyo maana kwenye kila karamu Pimbi mlafi alikimbilia kuketi naye sinia moja.

"Vitunguu niachie mimi, jirani," alikuwa akisema. "Nalihurumia tumbo lako."

Nungunungu alimwachia, akabaki kumeza mate.

Siku Ngiri alipomwoza bintiye, alimwita Nungunungu jikoni kabla ya kuinjika wali. "Kaka, hebu niambie. Wewe unakitaka kitunguu chenyewe, au unataka ladha yake?"

Nungunungu akafikiri. "Ladha, dada."

Basi Ngiri akakaanga vitunguu mpaka vikabadilika rangi na harufu ikajaa ua mzima. Akaviopoa vyote, akaviweka kwenye bakuli, kisha akapikia wali yale mafuta.

Sinia lilipoletwa, Pimbi alichakura huku na huku. "Vitunguu viko wapi?"

"Vimebaki jikoni," alijibu Nungunungu.

Pimbi akatimua mbio. Akalikuta bakuli, akala vitunguu hadi cha mwisho, akarudi akijilamba. Sinia lilikuwa jeupe, halina hata punje ya wali.

"Na wali wangu?" akafoka.

Nungunungu alilipapasa tumbo lake lililotulia. "Nimekumalizia, jirani. Kwa vitunguu vyote hivyo, nimelihurumia tumbo lako."