Dunia Nyingine

Tangu wamzike mumewe, wiki tatu sasa, Zuwena hakuwa amelia wala kuhisi njaa. Asubuhi hiyo alikaa mkekani akisoma riwaya ya mtu anayevuka kutoka dunia moja hadi nyingine, na kila anakofika anajikuta akiishi maisha mengine. Alikuwa amesoma nusu ya kitabu bila kuinua kichwa.

Wifi yake, Mwanaisha, aliingia na bakuli la uji.

“Wifi, kitabu gani hicho kitamu hivyo?”

“Kinasema ziko dunia nyingi. Aliyekufa hapa, kwingine yu hai, anakwenda kazini.”

Mwanaisha aliliweka bakuli chini taratibu.

“Na kaka yangu je?”

Zuwena alisogea kumpa nafasi mkekani, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea. Mwanaisha akafumba macho.