Matanga ya Munyao

Mgeni alirudi tena matangani, na safari hii alileta kilo mbili za sukari. Kalekye aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaingia jikoni na kuketi juu ya ndoo. Nani huleta sukari kwenye matanga ya mtu asiyekuwepo?

Maana marehemu Munyao hakuwahi kuzaliwa. Alitungwa humo humo kwenye ploti ya Kalekye, Dandora, Jumapili moja baada ya kanisa. Mkuu wa wilaya alikuwa amewanyima tena Kalekye na wenzake kibali cha tamasha la ngoma lililokuwa likifanyika kijijini kwao Ukambani tangu enzi za nyanya zao. Miaka hiyo serikali ilikuwa na kiwewe cha siasa. Watu kumi wakikusanyika, hata kama ni kucheza ngoma, polisi walitaka kujua kulikoni. Lakini matanga hayakuhitaji kibali cha mtu.

"Basi tumzike mtu," alisema Mutisya, mchonga vinyago aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha.

Ndiye aliyechagua jina. Akina Munyao walijaa kila kiwanda Nairobi. Nani angeuliza ni yupi? Tangazo la kifo likasomwa redioni, na kule kijijini kila mchezaji akaelewa kwamba siku ya mazishi ndiyo siku ya tamasha. Ngoma za zamani chifu alikuwa amezichukua mwaka uliotangulia, kwa hiyo Mutisya alichonga mpya, akatengeneza na jeneza la kuzibebea. Mpango ulikwenda vizuri hadi siku iliyofuata tangazo, mgeni huyo, Bwire, alipobisha mlango.

Bwire alikuwa mtu wa Busia, akikaa mtaa wa Huruma. Hakuwa wa ukoo wao wala wa kanisa lao. Viatu vyake viling'aa kupita kiasi, na maswali yake hayakuisha.

"Aliugua sana?" alimuuliza Kalekye siku hiyo ya kwanza.

"Malaria, ndugu yangu. Ilimshika ghafla tu."

"Na mwili uko mochari gani?"

"Hayo wazee ndio wanajua."

Bwire alizungusha kikombe cha chai. "Na mikono yake? Ilikuja kupona?"

Kalekye aliuona mtego wazi. Akisema haikupona, ataulizwa hospitali. "Ilipona kabisa," akajibu. "Hata alama haikubaki."

Bwire aliinamisha kichwa, akasema Mungu ni mkubwa. Kalekye alimchukia papo hapo kwa unafiki huo.

"Huyo ni karao, polisi aliyevaa kiraia," Mutisya alimwambia baadaye, sauti chini. "Si umeona viatu? Halafu haongei na mtu. Anakaa tu anatuangalia."

"Tumfukuze?"

"Kwani umewahi kuona mtu akifukuzwa matangani? Hapo ndio atajua kuna kitu."

Ikabidi wamwomboleze Munyao kwa dhati. Kila Bwire alipoonekana langoni, kamati iliacha kupanga mambo ya wachezaji na kuanza wimbo wa tenzi, na wanawake wakatoa leso. Walimlilia mtu wa uongo hadi macho yakawavimba, huku wakimlaani moyoni yule aliyewaliza. Kalekye ndiye aliyeumia zaidi. Mama yake, aliyeongoza nyimbo za tamasha maisha yake yote, alikuwa hajiwezi tena. Mwaka huu wasipocheza, nyimbo nyingine zingeondoka naye, na Kalekye hangejisamehe kamwe.

Asubuhi ya safari, lori lilipofika, Bwire alikuwa amewatangulia. Alivaa koti jeusi, akapanda bila kukaribishwa, akaketi kando ya jeneza na kuweka mkono juu ya kifuniko. Hakuutoa njia nzima. Mutisya alimkodolea macho tangu Dandora hadi walipopita Athi River, na huko wakakuta kizuizi cha polisi.

Askari mmoja alipanda nyuma ya lori.

"Fungueni hilo sanduku."

"Afande, ni maiti," alisema Mutisya.

"Si nimesikia? Fungua nione."

Kalekye alimtazama Bwire. Sasa atatoa kitambulisho chake cha kazi, aliwaza, na sisi tutalala ndani. Kweli Bwire alisimama. Kisha akaanguka kifudifudi juu ya jeneza, akalikumbatia.

"Wooi, Munyao! Ndugu yangu! Umeenda bila kuniaga, wooi!"

Alilia mpaka lori likatikisika. Hakuna aliyewahi kulia hivyo kwenye matanga yale. Askari alivua kofia, akasema poleni sana, akashuka na kuwapungia mkono wapite.

Kizuizi kilipopotea nyuma yao, wanawake walipiga vigelegele. Mutisya alicheka hadi akashika mbavu. Kalekye aliona aibu kwa yote aliyomfikiria mtu huyu, akamwinua mabega.

"Inatosha sasa, ndugu. Wamebaki nyuma. Umetuokoa! Kumbe ni mwenzetu na hukusema! Ulijuaje?"

"Nilisikia redioni," alisema Bwire. Yeye hakucheka.

Mutisya hakuweza kungoja kufika. Alichukua nyundo, akaanza kung'oa misumari ya jeneza, huku wanawake wakisafisha koo tayari kwa wimbo wa kwanza.

Bwire alipangusa uso, akafunga vifungo vya koti, akapiga magoti kando ya kifuniko.

"Asanteni kwa kunifungulia," alisema. "Nimtazame mara moja tu. Tangu anitoe kwenye ule moto kiwandani, nimemtafuta Nairobi nzima nimwambie asante."